Karata Si Kamari

Maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti hudhulumiwa na masikio mavivu. Karata na kamari ni maneno yanayoanza kwa silabi moja, na kwa sababu hiyo, au kwa sababu nyingine dhaifu kama hiyo, watu wengi wenye heshima wameyatia katika gunia moja na kulifunga kamba. Mhubiri huyataja kwa pumzi moja. Mwalimu hunyang'anya karata mikononi mwa wanafunzi kama anyang'anyaye bangi. Baba aliyesoma huona haya kukutwa na mgeni akiwa ameketi mkekani, ameshika karata, anacheka na watoto wake. Makala haya yanakusudia kulifungua gunia hilo. Yanadai kuwa mchezo mfupi wa karata, unaochezwa nyumbani na jamaa na marafiki bila fedha, si ndugu wa kamari bali ni adui wake; na kwamba kila nyumba inayoufukuza mchezo huo mlangoni huifungulia kamari dirisha.

Tuanze na maana, kwa kuwa ugomvi mwingi wa dunia ni ugomvi wa watu waliosahau kuulizana maana. Kamari si kipande cha karatasi ngumu chenye picha. Kamari ni tendo: ni fedha ya mtu kuhamia mfukoni mwa mwenzake kwa bahati, pasipo kazi, pasipo biashara na pasipo zawadi. Tendo hilo laweza kufanywa kwa karata. Laweza kufanywa vilevile kwa kete, kwa mpira, kwa farasi, na hata kwa mvua ya kesho, itanyesha au haitanyesha. Kisu hukata nyama na kisu huua mtu, lakini sijasikia nyumba iliyotupa visu vyake vyote kwa hofu ya mauaji.

Sheria ya nchi yetu, ambayo haisifiwi kwa upole, imeiona tofauti hii. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza, iliyo Sura ya 16 ya sheria zetu, inapomhesabu mcheza michezo ya bahati hadharani miongoni mwa wazururaji, hutaja mchezo wa kupata fedha au kitu chenye thamani ya fedha. Dini nazo hazikunyamaza. Kurani, katika Sura ya Al-Maida, imeikataza kamari pamoja na ulevi, na Wakristo wengi wamefundishwa kuichukia kwa sababu ya tamaa iliyomo ndani yake. Wapo wanazuoni na wachungaji wanaochukia mchezo wowote unaomsahaulisha mtu sala, nao wana haki yao. Walakini kipimo hicho kikitumiwa kwa uadilifu, kitaupiga mpira, kitaipiga redio na kitaipiga soga ya barazani kabla hakijaifikia karata. Mtu asiyekitumia kwa mambo hayo, akakiweka kwa ajili ya karata peke yake, hatetei sala. Anatetea desturi yake.

Mabishano ya jumla hayashibishi. Tuitazame karata mahali inapochezwa, na mahali penyewe pawe Mutuka, kata mojawapo ya mji wa Babati, mkoani Manyara. Mji huo uko chini ya mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha. Wanaishi humo Wagorowa, ambao ni wenyeji wa siku nyingi, pamoja na Wairaqw, Wabarbaig, Wambugwe, Warangi na wengine walioletwa na kazi, ndoa au biashara. Wanafunzi wa isimu wajua uzito wa orodha hiyo. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Lugha ya Wabarbaig ni ya Kiniloti. Kimbugwe na Kirangi ni za Kibantu. Jamii tatu za lugha, ambazo kwingineko zimetengwa na mwendo wa siku nyingi, hapa hutengwa na ua wa michongoma.

Mahindi yakiisha kuvunwa, na mbaazi zikiwa bado zimesimama shambani kungoja zamu yake, jioni hupata nafasi. Mkeka hutandikwa. Huketi bibi, mjukuu, shemeji aliyekuja kusaidia kupukuchua, na jirani mpangaji ambaye lugha ya mama yake haieleweki na mtu mwingine yeyote pale. Mchezo wa saa kama hiyo ni lasti kadi. Kila mtu hugawiwa karata chache, na moja hufunuliwa katikati. Anayefikiwa na zamu huweka karata inayolingana na iliyo juu, kwa namba au kwa alama. Asiye nayo huokota. Karata fulani humwokotesha jirani mbili, fulani humruka, fulani hurudisha mzunguko nyuma, na watu huafikiana kwanza ni zipi, maana kila nyumba ina kanuni zake. Aliyebakiwa na karata moja sharti atangaze. Akisahau, huadhibiwa kwa kuokota. Wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Mchezo mzima huchukua dakika chache, kisha karata huchanganywa na kugawiwa upya.

Bibi aweza kumkemea mjukuu kwa Kigorowa, na jirani aweza kunung'unika kwa Kirangi. Lakini zamu, adhabu, madai na rufaa huendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho wote wanachokijua. Sisi wa vyuoni tumeandika mengi juu ya kukuza lugha ya taifa kwa mitaala, kwa mitihani na kwa makongamano. Naam, yafaa. Lakini mkeka ni darasa lisilo na mtihani, na mwanafunzi wake hutaka mwenyewe kusema upesi, kusema wazi na kusema kwa hoja, kwa sababu akinyamaza ataokoteshwa karata asizostahili. Ni nani kati yetu amewahi kupata darasa lenye bidii kama hiyo?

Watasema wakosoaji: mchezo wenyewe ni mwepesi mno, hauna akili, wafaa watoto. Hapa ndipo wasomi wanapokosea zaidi ya wahubiri, na hapa ndipo ninapotaka kupigana nao. Msomi anapotaka kuusifu mchezo wa jadi huliendea bao. Hulisifu kwa mashimo yake 32 na kete zake 64. Hukumbusha kuwa Mwalimu Nyerere alilicheza. Hutaja mafundi wake kwa heshima ipasayo mashairi. Simpingi. Bao lastahili sifa zote hizo. Lakini bao ni mchezo wa wawili, na wengine wote ni watazamaji. Fundi wa bao atamshinda mwanafunzi leo, kesho, na kila siku ya mwaka, wala mjukuu wa miaka minane hatamfunga babu yake mpaka babu apende kufungwa. Bao ni mahakama ya akili. Nyumba huhitaji mahakama mara chache. Huhitaji baraza kila jioni.

Katika lasti kadi, bibi ambaye hakupelekwa shule na mjukuu wa darasa la pili huketi sawa. Akili yatakiwa kidogo: kukumbuka zilizopita, kuficha kusudi, kuchagua wakati wa kumpiga jirani na wakati wa kumhurumia. Bahati hukamilisha yaliyobaki. Bahati hiyo ambayo msomi huidharau ndiyo inayompa mnyonge nafasi ya kushinda bila kuhurumiwa. Mtoto aliyemshinda mjomba wake kwa haki, mbele ya watu, hupata kitu ambacho hakuna zawadi iwezayo kukinunua. Na mjomba aliyeshindwa na mtoto akacheka, ametoa somo la adabu kuliko hotuba kumi. Anayeutaka usawa wa binadamu uwe zaidi ya neno la vitabuni, auanzishe pale ambapo mkubwa aweza kushindwa na mdogo pasipo heshima kuvunjika.

Na ufupi wa mchezo si upungufu wake. Ni rehema yake. Mchezo wa saa tatu humwachia aliyeshindwa kinyongo cha siku tatu. Mchezo wa dakika chache huzika ushinde wake kabla haujanuka. Karata zikichanganywa, ushindi wa jana hauna urithi na kushindwa kwa jana hakuna deni. Dunia haigawi namna hiyo. Katika dunia mtoto wa tajiri huanza na karata nzuri, na mtoto wa maskini huanza na mbaya, wala hakuna anayezichanganya upya. Nyumba inayowazoesha watoto wake mgawo wa haki kila baada ya dakika chache inawapa kipimo watakachoipimia dunia baadaye.

Wengine watasema: karata ni kitu cha kigeni, hakitufai sisi wenye mila. Hoja hii yaweza kujibiwa na lugha yenyewe. Neno karata lina asili ya Kireno, na turufu vilevile, na alama zote nne pia: kopa, shupaza, uru na pau, ambayo kwa Wareno yalikuwa majina ya vikombe, panga, dhahabu na marungu. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na Ngome ya Mombasa ilitoka mikononi mwao mwaka 1698. Wenye bunduki wamekwenda, majina yamebaki, tena yamebaki katika vinywa vya watu ambao hawajapata kumwona Mreno. Meza imetoka huko, na bendera, na gereza. Mtu anayeikataa karata kwa ajili ya asili yake akatae na kulia chakula mezani, kisha akatae kuisalimu bendera, ndipo tumsikilize.

Tena tazama jinsi Waswahili walivyokifanya chao kile walicholetewa. Katika mchezo wa zamani unaoitwa kwa hesabu yake, wahedi wa sitini, yaani sitini na moja, huchezwa karata 40. Kila alama ina karata ya moja yenye thamani ya kumi na moja, ya saba yenye thamani ya kumi, na picha tatu zenye thamani ya nne, tatu na mbili. Jumla ya alama moja ni 30, na ya zote nne ni 120. Nusu yake ni 60, na aliyepata 61 ameshinda. Hizo picha tatu kamusi za zamani za lugha yetu huziita mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili: mfalme, kijana wake na malkia. Kwa hiyo watu waliokuwa chini ya utawala wa Wazungu waliwashika Wazungu mikononi, wakawapa namba kwa thamani yao, wakawatupa mkekani. Na mbili ya turufu, karata ndogo isiyo na picha wala thamani, ikamla mzungu wa nne aliyevaa taji. Anayesema kuwa mchezo huu hauna fasihi hajausikiliza.

Hata wanaoidharau karata hawawezi kusema bila kuikopa. Mhariri huandika kuwa chama fulani kimecheza karata yake ya mwisho; mwanasiasa hujisifu kuwa ana turufu mkononi. Wamechota maji kisimani, kisha wanashauri kisima kifukiwe.

Nakuja sasa kwenye shtaka zito zaidi, nalo ni uvivu. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilisikitikia nguvu za mamilioni ya watu zinazopotea katika porojo, ngoma na ulevi. Katika orodha hiyo karata haikutajwa, lakini sitaki kujificha nyuma ya kutotajwa. Nakubali kuwa kijana mzima aliyeketi kijiweni saa nne za asubuhi akicheza karata, ilhali shamba la mama yake limejaa magugu, anastahili kukaripiwa. Lakini kosa lake liko katika saa, haliko katika karata. Angekuwa anasoma Biblia saa hiyo huku mama akilima peke yake, kosa lingekuwa lile lile. Mkulima wa Mutuka aliyeamka alfajiri na kurudi na jua hana deni la kazi kwa mtu yeyote. Jioni ni yake. Anayetaka hata jioni hiyo itumike kwa jambo lenye faida amesahau kuwa mtu hafanyi kazi ili afanye kazi zaidi. Hufanya kazi ili akae na watu wake.

Na kama ni kamari tunayoitafuta, tuitafute inakokaa. Mkulima wa Babati aliyepanda mbaazi zake msimu wa 2017 alicheza kamari kubwa kuliko yoyote iliyopata kuchezwa mkekani. Alitia mbegu, jasho na matumaini. Mwaka huo huo India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikaweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, na bei ikaanguka. Hakuna mhubiri aliyemwita mcheza kamari, na ni sawa, kwa kuwa hakuwa mcheza; alichezewa.

Iko na kamari nyingine, yenye leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeiundia bodi, na serikali huitoza kodi. Mwaka 2017 vilabu vya Simba na Yanga viliingia katika mikataba ya kuvaa vifuani jina la kampuni ya kubashiri. Siku hizi kijana hahitaji kuondoka kitandani. Kamari imo katika simu yake, usiku na mchana, na fedha hutoka kwa kubonyeza. Sheria yamkataza aliye chini ya miaka 18, lakini kiu haisubiri cheti cha kuzaliwa. Linganisha sasa. Mcheza karata mkekani amezungukwa na watu; abashiriye kwa simu yuko peke yake. Mcheza karata akishindwa huchekwa, naye hucheka. Abashiriye akishindwa huficha, hata kwa mkewe. Wa kwanza hushindana na nduguye aliye sawa naye; wa pili hushindana na hesabu zilizopangwa na mwenye kampuni ili mwenye kampuni asishindwe. Wa kwanza huamka akiwa na jamaa. Wa pili huamka akiwa na deni.

Baba aliyechoma karata za wanawe kwa jina la maadili, kisha jioni akavaa jezi yenye jina la kampuni ya kubashiri, ametetea nini? Kijana anayetamani bahati, msisimko na ushindani, mambo ambayo ni ya ujana wa kila kizazi, alikuwa akiyapata nyumbani, bure, mbele ya macho ya wazee. Amefukuzwa. Hakuacha kutamani, amekwenda kutamani mahali pengine, panapotozwa ada. Tumemnyima mkeka, tukamwachia simu, kisha tunaandika makala za kusikitika.

Sisemi kuwa mkeka hauna hatari. Fedha haiingii mkekani kwa jina lake. Huingia kwa jina la soda: atakayeshindwa atanunua soda. Kesho soda huwa vocha, keshokutwa vocha huwa noti, na siku ya nne bibi na mjukuu hawapo tena, kwa kuwa hawana cha kuweka. Hiyo ndiyo dalili iliyo kweli kuliko zote: mchezo ni mchezo maadam asiye na kitu aweza kuucheza. Siku asiye na kitu anapoambiwa asogee pembeni, karata imekufa na kamari imezaliwa. Kwa hiyo mlinzi wa nyumba asiilinde nyumba dhidi ya karata. Ailinde karata dhidi ya soda.

Kwa wasomi wenzangu nina ombi, nalo ni kali kidogo. Tumekusanya vitendawili, methali, nyimbo za ngoma na istilahi za bao, tukapata kwazo shahada na vyeo. Nendeni Mutuka, au nendeni kwenu mlikotoka, mketi mkekani bila daftari kwa jioni ya kwanza, mfungwe na watoto, kisha jioni ya pili mwandike. Andikeni majina ya karata yanavyotamkwa bara na pwani. Andikeni kanuni za kila nyumba, matusi ya utani, viapo vya anayeshukiwa kuiba, na maneno ya kumfariji aliyeokota nyingi. Lugha yote hiyo haina mwandishi, na wenye kuikumbuka wanazeeka.

Wasioweza kufanya hivyo, angalau waondoe mkono wao. Maskini wa nchi hii wamebakiwa na furaha chache zisizo na bei, na karata iliyochakaa pembe zake ni mojawapo. Atakayeichukua asijiite mtetezi wa maadili mpaka aeleze ameweka nini mahali pake.